Kikapu cha Bi Badriya

Bi Badriya wa Shangani aliwajua watu kwa tosi za vichwa vyao. Tangu awe mjane hakuwa na haja ya kwenda sokoni. Alifungua dirisha la ghorofani, akateremsha kikapu kwa kamba, na soko likamjia. Papa mkavu, ndimu, asumini, vyote vilipanda kwa kamba ile. Sauti hakutoa. Mwanamke mwenye heshima zake, alisema, hapigi kelele dirishani. Akiitikisa kamba, muuzaji alijua bei haikumpendeza; akiivuta, biashara imekwisha. Mtaa mzima ulikiogopa kimya chake.

Siku moja ya mwaka 1956, meli ya watalii imetia nanga, Bi Badriya alikuwa akingoja wageni wa posa. Bi Mwanakheir wa mtaa wa Malindi alikuwa anakuja kumposa mjukuu wake, Tamima, kwa ajili ya mwanawe. Bi Badriya alitoa bakuli la kaure lenye maua ya buluu, la marehemu mama yake. Posa zote za nyumba ile, yake na ya bintiye, zililiwa haluwa ndani ya bakuli lile, na kuwakirimu wageni kwa chombo kingine kwake ilikuwa ni kuwafukuza. Akalitia kikapuni, akakiteremsha ili Jecha, muuza haluwa, akipita alijaze. Kamba akaifunga dirishani, akaenda kufukiza udi.

Aliporudi, bakuli hakuna. Kikapuni mna noti. Na kule mbele, kipara ndani ya shati la maua kinakwenda zake, bakuli kwapani.

Yule alikuwa Mmarekani. Kwao, tuliambiwa baadaye, mtu huingia dukani akajichukulia mwenyewe rafuni, akalipa, akaondoka bila hata kuulizana hali. Chini ya dirisha alisimama Mzungu mwengine, mwenye kofia na mwavuli: Mwingereza. Huyu naye alidhani ni duka, ila kwao mtu hungoja muuzaji aje amuulize anataka nini. Alikuwa nyuma ya Mmarekani, akaona kila kitu, akanyamaza. Zamu haikuwa yake.

"Wee Mzungu! Wee! Rejesha bakuli la mama yangu!"

Mtaa uliduwaa. Tamima akatoka mbio chumbani. "Bibi! Ni wewe huyo?"

"N'nani mwengine? Linakwenda Marekani, mwanangu, linakwenda!" Na machozi yakamtoka.

Mmarekani aligeuka, anatabasamu. Akarudi kwa kushika kulia, kama wanavyokwenda kwao. Mwingereza, kwa adabu zake, akampisha kwa kushika kushoto, kama wanavyokwenda kwao. Basi wakawa upande mmoja wa kichochoro ambacho punda akipita watu huingia milangoni, wakagongana matumbo. Wakaombana radhi, wakahama wote wawili, wakagongana tena.

Hatimaye Mmarekani akafika chini ya dirisha. Bi Badriya akaitikisa kamba kwa hasira. Mmarekani akadhani bei ni ndogo, akaongeza noti kikapuni. Kamba ikatikisika tena. Akataka kuongeza nyingine, lakini pochi ilikuwa imekwama mfuko wa nyuma, haitoki ila kwa mikono miwili. Akaliweka bakuli kikapuni mara moja tu.

Bi Badriya alivuta kama anayeteka maji nyumba inaungua. Bakuli lilipomfikia alilibusu. Halafu, kwa kuwa si mwizi, akazirejesha noti zote, juu yake akaweka kikuba cha asumini, akateremsha. Mmarekani alitazama kikapu, akatazama dirisha, akacheka mpaka akashika ukuta. Akachukua noti zake, akakibandika kikuba kifuani, akaenda zake.

Mwingereza akasogea hatua moja, akakivulia kofia kikapu kitupu. Jecha akafika na sinia yake kichwani, akataka kupita. Mwingereza akamwonyesha nyuma kwa mwavuli, taratibu. Jecha akasimama nyuma. Kisha wakaja Bi Mwanakheir na dada yake, na buibui zao, wakakuta watu wamejipanga. Hawakujua kuna nini, wakajipanga nao.

Bi Badriya alichungulia: kofia, sinia, buibui mbili, zote zinakingoja kikapu chake. Wakwe wa Tamima wamepangwa foleni na Mzungu! Alitaka kujificha kwa aibu, kicheko kikamshinda. Alicheka dirisha li wazi, mbavu hana.

"Jecha!" akaita. "Mkatie Mzungu kwanza, yeye ndiye wa mwanzo!"

Ghorofani, bakuli lilipojazwa na kuwekwa mkekani, Bi Mwanakheir alionja haluwa, akajifuta vidole kama aliyemaliza. Bi Badriya akaona posa imekufa.

"Nlikuwa n'naiogopa nyumba hii," alisema mgeni. "Nlimwambia mwanangu, huko kuna bibi hasemi wala hacheki, utaishi nao vipi? Leo nshakusikia tangu kule kona."

Akachota tena katika bakuli la maua ya buluu, akamsogezea dada yake.