Kambi Ambako Mtoto Hakuwahi Kufa

Mwaka wa 1957 serikali ilikuwa na karatasi inayosema kuna kambi karibu na Elburgon ambako mtoto hajawahi kufa.

Hata mmoja. Nyumba thelathini na nne, watoto waliokufa: sifuri.

Na nyuma ya hiyo kambi, pale msitu ulipoanzia, watu walitembea kwa uangalifu wasikanyage vichuguu fulani vidogo vya udongo. Mnajua vilikuwa vya nini.

Msichana aliyeandika hiyo sifuri nilimjua. Aliitwa Jerop. Hii story alinipa mwenyewe jikoni kwake Njoro tukichambua mboga, leo kipande, mwaka ujao kipande. Mimi nimeunganisha tu. Mwenye kuona naongeza chumvi aende asome habari za mpira, sijamshika mkono.

Sasa.

Jerop alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na siku hizo msichana wa darasa la nane alikuwa mtu. Kizungu alikuwa nacho cha kutosha kuombea kazi. Akaomba, akapata.

Kazi ilikuwa ya mama mmoja Mzungu, daktari, aliyekuja na Landrova na hema. Watu walimwita Memsahib wa Maswali. Hakudunga mtu sindano. Hakupeana dawa. Aliuliza tu.

Mnakunywa maji ya wapi? Mnachemsha ama hamchemshi? Mtoto mnamwanzishia uji lini? Choo kiko wapi?

Watu walishangaa. Daktari gani huyu hana sindano?

Lakini Memsahib alikuwa na jambo lake, na jambo lenyewe lilikuwa mabomba. Alikuwa amepewa mabomba ya kuteremsha maji safi kutoka chemchemi ya msituni, na yalitosha kambi moja tu. Kambi zilikuwa mbili. Kambi ya Reli kule chini, na Kambi ya Mashine, ya watu wa kupasua mbao.

Kambi yenye vifo vingi vya watoto ndiyo ingeletewa maji. Basi.

Jerop alikuwa anakaa Kambi ya Mashine kwa dada yake mkubwa, Chelangat. Mume wa Chelangat, Kiptanui, alikuwa mtu wa kuswaga ng'ombe waliovuta magogo. Na hao ng'ombe walikunywa mtoni na kufanya mambo yao yote humo humo, hatua kama mia moja juu ya mahali akina mama walitekea maji.

"Wewe uliza Kambi ya Mashine," Memsahib akamwambia. "Hao ni watu yako. Lakini andika kile mama nasema. Hapana andika yako."

Ukisikia hivyo unaona kazi rahisi, eh?

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Rahab, Mkikuyu, mama wa maneno yake.

"Mama, umezaa watoto wangapi?"

Rahab akamwangalia juu mpaka chini. "Jerop, tangu lini watoto wakahesabiwa kama magunia ya viazi?"

"Ni kazi, mama."

"Andika wako."

"Na waliokufa?"

Rahab akachukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa. "Hakuna," akasema.

Niwaeleze. Hiyo kambi ilikuwa na Wakipsigis, Wakikuyu, Waluhya, kila mtu na lugha yake, na kwa mambo mengi hawakuelewana. Kwa hili moja walipatana. Aliye hai hahesabiwi. Aliyekwenda hatajwi. Ukimtaja umemfungulia mlango, na akirudi hatoki mikono mitupu. Anachukua ndugu yake.

Jerop alilelewa hivyo hivyo. Kwa hivyo alipita nyumba kwa nyumba, akaambiwa hakuna, akaandika hakuna. Alijua ni uongo. Matanga mengine alikuwa amekula chakula chake.

Nyumba ya mwisho ilikuwa kwao.

Chelangat alikuwa ameketi mlangoni akinyonyesha Kipketer, miezi saba, mtoto mnene wa kucheka na kila mtu. Kabla ya Kipketer walikuwako watatu. Jerop alikuwa amewabeba wote watatu mgongoni, mmoja baada ya mwingine.

"Dada, na waliokufa?"

"Wewe ndio unaniuliza?"

"Nimeambiwa niulize kila mtu."

Chelangat akamfunika mtoto kichwa na leso. "Mtoto wangu ni huyu. Andika huyu." Kisha akashusha sauti. "Usiwaamshe, tafadhali. Huyu ndio kwanza ameanza kukaa."

Kalamu alikuwa nayo Jerop. Angeandika watatu na hakuna mtu kambini angejua kusoma kile alichoandika.

Akaandika sifuri.

"Niliandika kwa heshima," aliniambia. "Nilijiona nimemfunika dada yangu blanketi."

Hiyo ilikuwa Januari.

Katikati ya Machi, Memsahib akarudi na Landrova, uso umechangamka. Akaita akina mama wote kiwanjani kando ya rundo la unga wa mbao. Jerop akasimama kando yake kutafsiri pale Kiswahili cha mama huyo kilipomwishia.

"Nyinyi ni mama hodari sana," Memsahib akasema. "Kambi ya Reli, watoto kumi na tisa nakufa. Hapa, hapana hata moja. Mimi nataka kujua, nyinyi nafanya nini?"



Mama mmoja akakohoa. Rahab alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Hebu fikiria wanawake thelathini na nne wanasifiwa kwa kitu ambacho kila mmoja anajua ni uongo, na hakuna wa kuangalia mwenzake machoni.

"Mabomba itaenda Kambi ya Reli," Memsahib akamalizia. "Jumatatu nyingine watu naanza kuchimba mtaro." Akawapa kila mama kipande cha sabuni, zawadi ya usafi.

Walichukua hiyo sabuni. Wangefanya nini?

Wiki hiyo hiyo Kipketer akaanza kuhara.

Mvua ilikuwa imechelewa na mto umepungua mpaka maji yana rangi ya chai. Wakampeleka zahanati, wakapewa dawa ya unga, wakaichanganya nyumbani na maji yale yale ya mto. Siku ya tatu mtoto mnene alikuwa amebaki macho.

Jerop alishindwa kulala, alishindwa kula. Kitu kimoja kilimkaa rohoni. Kambi ya Reli pia wana miiko. Wao walikubalije kutaja kumi na tisa?

Akateremka mpaka huko kwa miguu kumtafuta Akeyo, mkunga wa Kijaluo aliyekuwa ameuliza maswali upande huo. Akamkuta akianika mtama.

"Mama, wewe ulifanyaje wakakuambia?"

"Kwani wewe uliuliza nini?"

"Kile kilichoandikwa. Watoto wangapi wamekufa."

Akeyo akaacha mtama. "Uliwauliza hivyo? Na mdomo wako?"

"Ndiyo."

"Mtoto wangu, wewe uliuliza kama karani." Akasogeza kigoda, Jerop akaketi. "Mimi sikumtaja aliyekufa hata mara moja. Mama akifiwa na mtoto hapa kambini ananyolewa, si ndiyo? Kwenu pia ananyolewa. Mimi niliuliza, mama, tangu uolewe, umenyolewa mara ngapi? Nywele hazina mwiko."

Jerop aliniambia aliupanda tena ule mlima akilia njia nzima. Si kwa sababu ya huzuni tu. Alijisikia mjinga. Mtu wa darasa la nane ameshindwa na mtu ambaye kalamu anaishika kama mwiko wa ugali.

Kwa siku mbili akapita tena nyumba zote.

"Mama, tangu uolewe, umenyolewa mara ngapi?"

 Rahab akavua kitambaa cha kichwa, akapitisha mkono kwenye nywele. "Mara nne," akasema. "Ya mwisho ilikuwa wakati wa viazi."

Mwingine mbili. Mwingine tano. Mama mmoja akasema mara moja tu, kisha akamwita Jerop akiwa ameshafika njiani, akamwambia arudi aandike mbili.

Jumla ilikuwa hamsini na saba.

Ijumaa akasimama mbele ya meza ya Memsahib ndani ya hema. Akaweka karatasi mpya. Memsahib akasoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Januari wao nasema hapana. Leo wao nasema nywele. Nani nadanganya mimi?"

"Mimi," Jerop akasema. "Nilijua, nikaandika vile walivyosema."

Memsahib hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alimwambia kwa Kizungu, polepole, kwamba kama angejua Januari, mtaro wa Kambi ya Mashine ungechimbwa Februari. Sasa karatasi ya sifuri ilikuwa imeshafika kwa wakubwa Nakuru, na wakubwa hawatakubali hesabu ya pili inayopinga ya kwanza bila shahidi. Angeweza kwenda kuwapigania, lakini kwa sharti moja. Mama mmoja wa Kambi ya Mashine aje aseme kwa mdomo wake, na aweke kidole gumba kwenye karatasi.

Mmoja tu.

Jerop alienda kwa Rahab kwanza. Rahab akasema nywele nimekupa, mdomo siwezi, nina watoto ndani. Akaenda kwa wengine sita. Jibu ni hilo hilo.

Jumapili jioni akapiga magoti mbele ya dada yake.

"Dada, ni wewe tu umebaki. Sema mara moja tu na maji yatakuja. Kipketer atapona."

Chelangat alikuwa anampa mtoto maji kwa kijiko, na mtoto hamezi.

"Huyu anapigana," Chelangat akasema. "Hapa nilipo nimemshika mguu mmoja, na wale wamemshika mwingine. Na wewe unataka niwaite majina?"

"Hawajamshika, dada. Ni maji."

"Toka, Jerop."

Akatoka.

Jumatatu asubuhi Memsahib alikuwa ameshapakia vitu kwenye Landrova, imebaki meza. Jerop alikuwa anakunja hema. Jua lilikuwa limeshapanda. Akamwona Chelangat anakuja peke yake na njia ya magogo, anatembea wima, Kipketer mgongoni amefungwa na blanketi mpaka kichwani.

Jerop akafurahi. Hilo ndilo hakujisamehe mpaka anazeeka, kwamba alimwona dada yake anakuja akafurahi.

Chelangat akafika mezani. Hakusalimia.

"Muulize," Memsahib akasema.

 "Dada, umefiwa na watoto wangapi?"

Chelangat hakutaja hesabu. Alitaja majina. Aliyataja kwa sauti ya mtu anayeita watu wake waje kula.

"Kiprotich. Chebet. Kibet."

Jerop anaandika.

"Kipketer."

Kalamu ikasimama. "Dada, hapana, huyo ni..."

"Andika."

Jerop akaangalia lile blanketi. Halikuwa linasogea.

"Alfajiri," Chelangat akasema. "Sasa nimebaki na nani wa kumficha?"

Akanyoosha kidole gumba kwa ajili ya wino.

Memsahib alienda Nakuru siku hiyo hiyo na akagombana na watu huko, nasikia mpaka wakamchoka. Mtaro wa Kambi ya Reli uliendelea, kwa sababu nao walikuwa wanazika. Mabomba ya Kambi ya Mashine yalikuja Septemba. Kati ya Machi na Septemba kambi ilinyoa vichwa vingine saba.

Mwaka uliofuata Chelangat alizaa tena, msichana.

Ndio huyu anawaandikia. Jerop ni mama yangu mdogo.

Nilikunywa maji ya bomba tangu siku niliyoacha titi, na nikamaliza miaka mitano, mtoto wa kwanza wa mama yangu kuimaliza. Nyuma yangu wakaja watatu, wote wako.

Mama hakumlaumu Jerop hata siku moja. Walilima pamoja, wakazeeka pamoja. Jerop aliniambia ni afadhali angemlaumu.

Sasa mnataka funzo, najua, huwa mnangojea hapo.

Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulikuwa tumeficha hata kilio. Lakini asije mtu hapa kwa comments akamwita mama yangu mjinga, nitamblock. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kumlinda mtoto wake, na akakitumia mpaka kikaisha.

Wewe kijana unayezunguka na tablet ukiuliza watu mambo ya afya, nakuomba hivi. Ukipewa jibu zuri kuliko ile nyumba umeketi ndani yake, usiandike ukaondoka. Kaa. Omba maji ya kunywa, uyaangalie. Kisha utafute swali ambalo mwenye nyumba anaweza kulijibu.

Na wewe unayeulizwa, sema. Nina ndugu wanne ambao sikuwahi kuwaona. Kiprotich, Chebet, Kibet, Kipketer. Nimewataja mimi mwenyewe, mchana kweupe, na wajukuu wangu wako hapo nje wanapigania baiskeli.