Ukurasa wa Shukrani

Kwa miaka tisa Philémon alikuwa karibu kumaliza mémoire yake ya kuhitimu chuo kikuu, na hakuna mtu Bukavu aliyekuwa karibu kumaliza kitu kwa bidii kama yeye. Kazi yenyewe, juu ya udongo unaoporomoka kwenye vilima vya Mudaka, ilikamilika zamani. Vilima vingine viliporomoka yeye angali anachagua herufi zitakazopendeza. Kilichobaki ni ukurasa wa shukrani.

Ukurasa huo ulimla. Kila alipotaka kuwasilisha kazi, alikumbuka shangazi ambaye angenuna, au padri aliyemwandikia barua. Wawili kati ya walioshukuriwa walifariki wakingoja, ikabidi awahamishie kwenye orodha ya marehemu. Aliosoma nao sasa walikuwa wakifundisha; yeye alibaki finaliste, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, cheo alichokivaa kama suti ya harusi.

Mwaka huu Profesa Léopold, msimamizi wake, akampigia simu.

"Philémon, miye naenda retraite, kazi imeisha. Ijumaa saa sita, dépôt ya kupokea mémoire inafungwa. Kisha pale, utafute mwingine wa kuzeeka naye."

Ijumaa asubuhi mkewe, Georgette, alimkuta amefungua tena kompyuta.

"Papa Joviale," akamwita kwa jina la mtoto wao, "uko unafanya nini?"

"Naangalia tu kama niliweka chef wa kijiji."

"Mémoire ilishachapwa, ilishafungwa, iko mu sachet. Unataka kushukuru na mbuzi zake?"

"Watu watasema nini?"

"Watu gani? Miye bibi yako niliishia kusoma kwa page yenye iko jina yangu!"

Philémon akatoka na sachet yake ya plastiki, mémoire ndani. Chini ya mji ziwa lilikuwa limetulia, zuri kama kawaida, bila kumaliza chochote wala kuulizwa na mtu.

Chuoni, kwenye ngazi za fakulte, akaufungua ule ukurasa, mara ya mwisho tu. Tonton Edouard, mjomba wake, hayumo! Edouard, aliyemlaza na kumlisha kwake Nyawera miaka mitatu. Philémon akapandwa na furaha ya ajabu. Amepata sababu, tena safari hii sababu yenye heshima! Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Miguu ikaanza kushuka yenyewe.

Ngazi ya tatu akasimama. Aliitambua ile furaha. Ndiyo iliyomshika mkono kila mara, miaka yote tisa, ikamrudisha nyumbani kwa upole kama muuguzi. Ilimtia aibu kuliko hasira yoyote ya Edouard.

"Atakasirika," alisema kwa sauti. "Akasirike."

Akapanda.

Fanny, sekretari, alipindua kurasa. "Papa, shukrani yako iko murefu kupita conclusion."

"Na bado kuna mutu anakosa mu ile page."

Mkono wenye muhuri ukasita hewani. "Basi utaenda kurekebisha?"

Philémon alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama mtu anayevuka daraja bovu.

"Piga muhuri, maman," alisema. "Piga mbiombio."