Kupita Kando ya Mfereji Bila Jembe

Harufu ya udongo mkavu unaolowa taratibu kwa maji ya mfereji, si kwa mvua, ni jambo ninaloweza kulitolea ushahidi, kwa maana nimeinusa kwa pua yangu katika nchi mbili: kwetu katika Milima ya Taita nilipokuwa mtoto wa darasa la kwanza, na Uhispania, majira ya machipuko yaliyopita, nikiwa mzee mwenye nyonga ya bandia. Kwamba mifereji ya bonde lile la Uhispania ilianzishwa na Waarabu karne nyingi zilizopita, niliambiwa na bango la njiani, sikuwapo. Kwamba mfereji wa kwetu ulichimbwa na babu wa babu zetu, niliambiwa na wazee ambao nao waliambiwa. Na kwamba mfereji huo sasa umekufa na kingo zake zimelimwa mahindi, nimeambiwa kwa simu hapa Bowie, Marekani, ninapoishi, na mpwa wangu Mwadime, anayetaka nikubali shamba la marehemu mama yangu liuzwe kwa sababu, asemavyo, ardhi isiyo na maji ni jiwe tu. Mwadime anaishi Mombasa. Nilipomwuliza ni lini alipopita kule kwa miguu yake, alinijibu, "Mjomba, watu wote wanasema." Waswahili wana methali ya kumtetea: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeishi na methali hiyo tangu utotoni bila kuikubali, na kilichonikatalisha ni kiangazi kimoja.

Shamba letu lilikuwa chini kabisa ya mteremko, mahali maji yanapofika yakiwa yamechoka. Mfereji ulitoka kwenye kijito huko juu, kwenye banio la mawe na matope lililoyakinga maji, ukauzunguka mlima kama mshipi unavyozunguka kiuno, na kando yake palikuwa na ukingo wa kupita mtu mmoja, uliopoa daima, wenye magimbi na majani laini yaliyotutekenya miguu. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji, na zamu ilikuwa na adabu yake. Mtu ambaye si zamu yake hakukanyaga ukingo juu ya shamba lake. Akionekana huko, na hasa akiwa na jembe begani, hakuulizwa anakwenda wapi. Ilijulikana anakwenda kufungua maji ya mwenziwe. Desturi hiyo ilizuia wizi mwingi, sikatai. Lakini ilikuwa na dosari ambayo hakuna aliyeitambua hadi mwaka ule: ilimzuia pia mwenye macho kwenda kutazama.

Mwaka ule mvua za vuli zilikuja kidogo zikakata. Maharage ya mama yalikuwa yameanza kutoa maua, na maua ya maharage hayangoji. Zamu yetu ilipofika, maji yaliyokuwa yakija kwa kishindo yalikuja kama jasho, yakalowesha matuta ya kwanza, yakaishia hapo. Zamu iliyofuata hayakufika kabisa. Nakumbuka sauti ya majani yaliyokauka yakisuguana alasiri, sauti kama ya mtu anayekunja karatasi. Baba alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge huko bondeni, na alirudi mwisho wa mwezi tu. Tulikuwa mama, mimi, na maharage yale.

Juu yetu kidogo, mfereji unapopinda, aliishi Mzee Mwakio, mgane mwenye ulimi mkali na kabichi nzuri kuliko za watu wote. Kabichi zile ndizo zilizomponza. Watu walianza kusema kwamba Mwakio anafungua maji usiku. Aliyesema alikuwa ameambiwa na shemeji yake, na shemeji alikuwa ameambiwa kisimani. Baada ya siku chache habari ilikuwa imeota miguu, mikono, hadi na taa ya chemli ambayo Mwakio alionekana nayo, ingawa sikupata kumjua hata mmoja aliyeiona. Wanaume wakapanga kikao baada ya ibada ya Jumapili, nacho kilikuwa na shauri moja: Mwakio aondolewe kwenye zamu. Hata mimi mtoto nilielewa maana yake. Mtu aliyeondolewa kwenye zamu, kiangazi kikiwa hivyo, huuza alichonacho na kuhama.

Mama hakumpenda Mwakio. Aliwahi kumwambia mama mbele za watu kwamba maharage yake yamepandwa kama nywele za mtu aliyeamka. Lakini Jumamosi asubuhi mama alijaza makapi ya mahindi kwenye kikapu, akanishika mkono, na tukapanda ukingoni mchana kweupe, bila jembe, bila panga, mikono yake ikionekana. Alimsalimu kila tuliyempita kwa sauti ya kanisani. Maneno yao nayageuza hapa kutoka Kitaita.

"Mama Mghendi," jirani mmoja alimwita kutoka kwenye migomba, "leo unatembea tu, kama mzungu wa likizo?"

"Namtembeza mtoto," mama akajibu.

"Na kikapu?"

"Nacho nakitembeza."

Jirani akacheka, lakini nilimwona akisimama kututazama hadi tulipopotea. Mama alikuwa akimwaga makapi majini konzi kwa konzi, nasi tukiyafuata yalivyoelea. Aliniambia nisitazame kitu kingine. Tulipanda kipande, tukamwaga, tukashuka nayo; tukapanda tena juu zaidi. Tulipita kwenye lango la maji la Mzee Mwakio, ubao wake ukiwa umefungwa na kuzibwa kwa udongo uliokauka hadi ukapasuka, jambo ambalo mkono wa mwizi usingeliacha hivyo. Juu yake, penye kisiki cha mti uliokatwa zamani, makapi yalisita. Yakaanza kuzunguka, polepole, kama watu wanaosikilizana kabla ya kuingia nyumbani, kisha yakazama moja moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mama alipiga magoti, akaingiza mkono hadi begani, akautoa ukiwa na tope na alama nyekundu ya kubanwa. Chini ya mizizi ya kisiki palikuwa na mashimo ya kaa, makubwa ya kupitisha ngumi yangu, na upande wa bondeni, katikati ya vichaka vilivyoungua kwa jua, palikuwa na kiraka cha nyasi mbichi ambacho hakuna aliyejiuliza kinanyweshwa na nani.

Hakuyaziba. Jambo hili nimelitafakari sana katika maisha yangu. Angeyaziba, maji yangerudi na watu wangesema Mwakio ameogopa. Alikaa pale kwenye kisiki, akanituma nikawaite wanaume, na walipofika, wakiwa na hasira kwa kuitwa na mwanamke, hakuwaeleza lolote. Alimwaga konzi ya makapi. Wakayatazama yakizama. Mkubwa wao, msimamizi wa zamu, aliniuliza mimi nimeona nini, nami nikasema makapi yamezunguka yakaingia chini. "Na nani umemwona?" Nikasema sikumwona mtu. Mzee Mwakio alikuwa amefika nyuma yao, amefunga mikono kifuani. "Basi mkamateni kaa," alisema, "mumlete kikaoni kesho. Mimi nitakuja kumtetea." Hakuna aliyecheka isipokuwa mama. Mashimo yalizibwa siku ileile kwa udongo wa mfinyanzi na vigogo vya migomba, na zamu yetu ilipokuja, maji yalifika hadi tuta la mwisho. Nilisimama ndani yake. Harufu niliyoitaja ilipanda kutoka miguuni mwangu.

Ndiyo maana nilimwambia Mwadime kwamba sitauza kwa neno la watu. Nitakwenda kuupita mfereji ule kwa miguu, kuanzia shambani hadi banioni, ndipo niamue. Aliyenipinga kwa hoja nzito, ya nyonga yangu, alikuwa mjukuu wangu Wakesho, muuguzi huko Gaithersburg, ambaye anakielewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza. Alikuwa na likizo yake ya kutembea Uhispania, kwenye njia za mabondeni ambazo wenyewe huziita njia nyepesi, na akaniwekea sharti: nikimaliza njia zile bila yeye kuniita gari, atanipeleka Taita. Kanisani walisema nitazikwa huko. Waliosema hawakuwa wamefika Uhispania.

Nilichokiona ni hiki. Njia hizo zimechorwa mistari ya rangi nyeupe na ya manjano kwenye mawe na miti, na hazipandi. Zinafuata mto, kisha zinaingia mashambani, kando ya mifereji yenye malango madogo ya chuma, katikati ya vitunguu, milozi na mizeituni. Vyura hulia mchana. Siku ya kwanza nilimwona mkulima akija kwa trekta nami niko ukingoni juu ya shamba lake, na kabla sijafikiri nilikuwa nimenyoosha mikono yote miwili aione kwamba haina kitu. Wakesho aliaibika. Mkulima alinyoosha yake pia, akadhani ndiyo salamu yetu. Huko kila mtu hupita ukingoni apendavyo, wageni na fimbo zao, wala hakuna anayeshukiwa. Na nilifikiri kwamba kwetu tungekuwa na njia wazi namna hiyo, jina la mzee mmoja lisingechezewa kiangazi kizima. Nilitembea polepole. Nilipumzika nilipotaka. Nyonga iliuma jioni na kuamka imesamehe.

Siku ya mwisho tulifika kwenye banio la bonde lile, maji yakijigawa mawili juu ya ukuta wa mawe. Tuliketi hapo. Wakesho alimpigia Mwadime simu bila kunishauri, akaiweka kwenye spika, akamwambia kwamba nitaupita mfereji wa Taita kwa miguu yangu. Mwadime alicheka. "Wakesho, mwambie babu yako huku ni mlima, si barabara ya Bowie. Nani amesema anaweza?"

"Hakuna aliyesema, Anko," Wakesho alijibu, kwa Kiswahili kizimakizima. "Mimi nimemwona. Msiuze kitu. Tunakuja Desemba."