Blanketi la Rangi za Théophile

Wakwe walikuja Jumatatu wakabeba nguo za Théophile: suruali, koti la kanisani, hata soksi. Ndivyo ukoo wao ulivyozoea. Mtu akishazikwa, nguo zake zote hugawiwa ndugu, na mjane habaki hata na kifungo. Josée hakubisha. Ila shati la buluu la kazini, ambalo lilikuwa bado na jasho la mumewe, alilificha chini ya mkeka. Likienda hilo, basi, hana tena kitu chake.

Lakini mkekani lingekaa siku ngapi, katika chumba kimoja cha mtaa wa Kikula ambamo wifi huingia bila hodi? Josée alikuwa mshonaji wa mablanketi ya vipande. Miaka ishirini alishona kahawia, kijivu na buluu nzito, rangi za watu wenye adabu, kama alivyopenda kujisifu. Théophile alikuwa akimletea vipande vya waridi, njano na kijani kikali, naye akivitupa guniani.

"Minye nishonee bafala?" Josée alikuwa akimcheka, kana kwamba rangi hizo ni za wajinga tu.

Sasa akalimwaga lile gunia. Alilaza shati katikati, akalifunika juu na chini kwa rangi hizo za kelele, akiamini hakuna atakayetamani takataka kama ile. Mwanzoni mikono iligoma. Siku ya tatu akaweka waridi kando ya kijani, akashtuka. Zilipendeza. Zilipendeza mno, jamani! Akalia kwa uchungu, maana mume aliliona hilo miaka yote, na leo hakuna wa kumwambia.

Alhamisi akaingia Marlène, dada wa marehemu.

"Mulamu, shati ya bleu ya Théo iko wapi?" akamwuliza wifi yake.

"Minye siyue," Josée akakana kujua.

Marlène akapekua kila pembe, mpaka akafika kwenye blanketi. "Weye iko na kilio, na unashona rangi ya feti, ya sherehe?"

Josée akainamisha kichwa. Alipokiinua, wifi alikuwa ameketi sakafuni, amelikumbatia blanketi, machozi yakimtiririka.

"Théo alikuwa anapenda rangi hizi. Minye nitabeba hii. Nitalala nayo."

Akisema lililomo ndani, mkasi utaingia, shati litatoka na kupewa binamu yeyote linayemtosha. Akinyamaza, litaondoka humo blanketini, lakini zima.

Akashika pembe mbili za blanketi, akamsaidia Marlène kulikunja.