Kikalenda Changu Kisichokosea

Kwa wiki nne nzima watu wa ofisini kwetu walinitazama kama mtu aliyefiwa. Na mimi, kichwa maji, nikadhani wananiheshimu.

Sikufiwa na mtu. Nilikuwa mzima, tena mwenye furaha, nimebakiza wiki chache nioe.

Ngoja niwape mkasa wote, maana nimechoka kuubeba peke yangu.

Naitwa Jalmari. Nafanya kazi katika ofisi ya usajili kwenye mji mdogo huku Finland. Wasiotaka kanisa wanakuja kufungia ndoa kwetu. Bosi wetu, Paavali, ndiye anayewafungisha. Mirjami, mama wa miaka sitini, anapokea watu na kujaza fomu kwenye kompyuta.

Fundi wa hizo fomu ni mimi.

Zamani kisanduku cha tarehe kilikuwa wazi, unaandika unavyotaka. Ilikuwa vurugu tupu. Huyu anaanza na siku, yule anaanza na mwezi. Kuna siku Mirjami aliteleza kidole akaozesha watu mwaka 1915. Bibi harusi mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na sita.

Nikasema hapana. Nikaweka kikalenda.

Ukibofya kisanduku, kikalenda kinachomoza. Unachagua siku, tarehe inajijaza yenyewe, kinajifunga. Siku ambazo hatufungishi ndoa nikazipaka kijivu, hazibofyeki. Na kuandika kwa mkono nikakuzuia kabisa.

"Jalmari mwanangu," Mirjami akaniambia, "niachie niwe naandika tu. Vidole vyangu vimezoea."

"Vidole vyako ndivyo vilivyotupeleka 1915."

Akarudi kwenye kiti chake. Mimi nikajiona kidume.

Basi, Desemba hiyo tukakubaliana na mchumba wangu, Henriikka, tufunge ndoa Ijumaa, tarehe ishirini Machi. Sikutaka makelele ofisini. Wenzangu walijua tu kwamba nina mpango wa kuoa. Mchana mmoja, wenzangu wakiwa wanakula, nikajiandikisha mwenyewe kimyakimya. Bofya, bofya, kwisha kazi. Barua ya kuthibitisha sikuitoa. Nani anajiandikia barua?

"Umeihakikisha tarehe?" Henriikka akaniuliza jioni.

"Mpenzi, hicho kikalenda nimekitengeneza mimi."

Jamani, mdomo huu!

Februari ikafika. Nikachukua likizo ya wiki moja. Ijumaa nikaenda ziwani peke yangu, nikatoboa barafu, nikakaa kwenye kigoda na ndoano yangu. Sikupata hata kidagaa. Nilichopata ni mafua.

Jumatatu nikarudi kazini macho mekundu, pua inatiririka.

Ofisi ilikuwa kimya. Paavali akaja kukaa kwenye ukingo wa meza yangu, kitu ambacho hajawahi kufanya miaka yote tisa.

"Vipi... Ijumaa?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikajua kaona nyavu na ndoano kwenye gari langu.

"Acha tu, bosi. Nimekaa masaa sita kwenye baridi, nangoja. Patupu."

"Masaa sita?"

"Mpaka giza likaingia. Ndiyo nikakubali yaishe."

Paavali akatazama viatu vyake. "Na... utajaribu tena?"

"Kwa nini nisijaribu? Wapo wengi tu, bosi. Tena wanene."

Akakohoa, akanipiga piga begani, akaondoka haraka.

Mchana Mirjami akaniletea bakuli la supu ya samaki. Akaliweka mezani, akaenda zake. Kesho yake, mkate mtamu wa iliki. Keshokutwa, soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Nikiingia chumba cha kahawa, mazungumzo yanakatika. Redio ikipiga wimbo wa mapenzi, mtu anakimbia kuizima.

Wiki iliyofuata Paavali akaniondoa kwenye kazi zote za ndoa. Akanipa mafaili ya watu wanaobadili majina.

"Utapumzika kidogo," akasema.

Hapo bichwa likavimba. Nikajua wameona thamani ya kikalenda, wananiandaa kwa cheo.

"Siku hizi pale ofisini wananiogopa," nikamwambia Henriikka.

"Wewe? Nani akuogope?"

Tarehe ishirini Machi ikawadia.

Nikatinga na suti yangu ya kijivu. Henriikka kavaa gauni jeupe na koti la mama yake juu yake. Nyuma yetu watu kumi na mmoja waliokuja kwa treni kutoka Kemi, kwao Henriikka, akiwemo bibi yake wa miaka themanini na nne.

Mirjami alikuwa kaunta. Alipotuona, kalamu ikamdondoka.

"Ni huyu?" akaniuliza.

"Ndiye."

Akatoka nyuma ya kaunta, akasimama mbele ya Henriikka, mikono kiunoni.

"Dada, wewe una moyo wa chuma. Umemwacha kijana wa watu masaa sita kwenye baridi, halafu leo unakuja hapa unatabasamu?"

Tabasamu la Henriikka likafutika. "Baridi ipi?"

Mama mkwe akamgeukia. "Henriikka, umefanya nini tena?"

"Mama! Sijafanya kitu!"

Paavali akasikia kelele, akatoka chumbani kwake. Aliponiona na suti, akanishika kiwiko, akanivuta pembeni.

"Jalmari, huna haja ya kumsamehe leo hii hii."

"Nimsamehe nini, bosi?"

"Si alikukimbia? Ijumaa ile, tarehe ishirini Februari. Tuliwangoja. Mirjami alinunua maua kwa hela yake. Keki ilikuwepo. Mimi nilivaa suti nyeusi. Hamkutokea."

"Februari?"

Nikaingia nyuma ya kaunta, nikafungua fomu yangu. Jina langu. Jina la Henriikka. Tarehe: 20.2.

Mwaka ule Februari ilikuwa na siku ishirini na nane kamili, kwa hiyo Machi imepangika vilevile, siku kwa siku. Ijumaa chini ya Ijumaa. Na kikalenda changu hufungukia kwenye mwezi uliotumika mwisho. Kabla ya kujiandikisha mimi, nilikuwa nimemwandikisha mtu wa Februari. Jina la mwezi lilikuwa pale juu, limeandikwa kwa herufi ndogo kama za chini ya mkataba.

Nilizipunguza mwenyewe. Nilisema ndivyo inavyopendeza.

Nikawaeleza wote, nimesimama pale kama mwanafunzi aliyekojoa darasani. Henriikka akainama kuisoma skrini mwenyewe.

"Jalmari," akasema, "mimi kazi yangu ni kupima watu macho. Jumatatu unakuja wa kwanza."

Binamu zake wakacheka. Mama mkwe hakucheka.

Balaa lenyewe lilikuwa bado. Siku ile ilijaa ndoa za watu wengine mpaka saa ya kufunga ofisi. Na sisi tumeshaandikwa kwamba hatukutokea. Asiyetokea, akijiandikisha upya, lazima angoje siku kumi na nne tangu siku hiyo. Kanuni hiyo haimo kwenye sheria yoyote. Niliiweka mimi kwenye fomu, kukomesha wazembe.

Nikabofya. Kijivu. Nikabofya tena. Kijivu. Nikawa nadonoa kipanya kama kuku.

Henriikka akaniinamia sikioni.

"Bibi hajapanda treni miaka ishirini. Leo kapanda kwa ajili yangu. Baada ya wiki mbili hataweza tena."

Nilitamani sakafu inimeze, na kipanya changu mkononi.

Mkono mkavu ukatua juu ya mkono wangu. Mirjami.

"Sogea," akasema.

Akachukua karatasi na kalamu. Akaandika majina yetu, na chini yake, kwa tarakimu kubwa ambazo hata kipofu angezipapasa: 20.3.

"Bosi, saa kumi na robo, tukishafunga?"

"Saa kumi na robo," Paavali akasema. "Kompyuta tutaibembeleza Jumatatu."

Ukumbi ulikuwa unadekiwa, kwa hiyo tulifunga ndoa kwenye chumba cha kahawa. Bibi tulimkalisha kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu, na kila akijisogeza apate kuona vizuri, anateleza mpaka kwenye friji. Mashine ya kahawa ilikoroma wakati nasema "ndiyo", Paavali akanirudishia swali. Nikasema tena, safari hii kwa kupiga kelele.

Nililia. Sikusingizia mafua.

Baadaye, tukila biskuti za akiba, nikamfuata Mirjami.

"Wiki nne! Kwa nini hata mmoja wenu hakuniuliza?"

Akafuta makombo kwenye sketi yake, taratibu.

"Sisi kumuuliza mtu mambo ya moyo hatujui, Jalmari. Na ile tarehe niliiona tangu Januari. Nilishangaa, maana niliwahi kukusikia kwenye simu unasema Machi. Nilikuja mpaka mlangoni kwako."

"Sasa?"

"Nikakumbuka unavyonijibu nikikuuliza habari za hiyo kompyuta. Nikarudi zangu kukaa."

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angenizaba kibao.

Sasa hivi kisanduku cha tarehe kinakubali kuandikwa kwa mkono. Kikalenda kipo pia, kwa anayekitaka, na jina la mwezi ni kubwa kiasi kwamba wageni wanalikodolea macho. Mirjami haandiki kosa. Henriikka naye anadai zawadi ya ndoa kila Februari, na Machi anadai tena. Natoa zote mbili, sibishi.

Ninyi mnaosoma, makosa ya tarehe yanafutika kwa kubofya. Mimi kosa langu lilikuwa kujigeuza mtu asiyeulizika. Nilimfungia Mirjami kisanduku, nikamfunga na mdomo, kisha nikashangaa kwa nini hakuna aliyeniambia kitu.

Kama ofisini kwako watu wamekuwa wapole ghafla, usivimbe kichwa. Wafuate, uwaulize wameona nini.