Paja la Nyati Nililolipeleka Kitandililo

Aibu hii ni yangu na sikatai, ila naomba niisimulie mwenyewe, maana watu wa Makambako wanaisimulia kwa kutia chumvi, wakati mwenye haki ya kutia chumvi ni mimi niliyeaibika.

Siku tulipopeleka posa kwa kina Upendo kule Kitandililo, mimi na mshenga wangu Bakari (dereva wa Fuso, mtu wa Tanga, akianza kuongea hata injini inanyamaza), baba yake Upendo, mzee Lutengano, ambaye ujanani mwake aliwinda kwelikweli, aliniuliza swali dogo tu: "Mbali na kuuza spea za pikipiki, kijana wangu, unajua kufanya nini?" Ningesema nalima viazi, ningeoa wiki ileile. Nikasema nawinda. Mnyama pekee niliyewahi kumuua maishani ni kuku, na huyo alinikimbia mara mbili akiwa hana kichwa.

"Vizuri sana," akasema mzee. "Jumamosi ya wiki ya tatu kuanzia leo utuletee nyama ya nyati. Tutakula, halafu nitakujibu posa yako."

Tulipofika barabarani Bakari akanishika bega. "Ndugu yangu, sungura hukumwona? Umemruka swala, umemruka ngiri, umetua kwa nyati!"

Sasa mimi nimemaliza kidato cha nne shule ya usiku, nikiwa na miaka thelathini na moja, na kama kuna kitu nilitoka nacho pale ni kupanga mambo kwa maandishi. Nikanunua daftari kubwa, nikaandika mahitaji kurasa sita: kamba, kisu, chumvi, pilipili manga, vitunguu, sufuria mbili, mpaka jani la kufunikia maini. Nikampelekea Fundi Sanga, Mkinga mmoja fundi seremala mwenye bunduki halali na kibali cha msimu, akalisoma lote kwa utulivu kisha akaniuliza, "Nyati umemwandikia vitunguu. Yeye mwenyewe yuko ukurasa gani?"

Hata hivyo alikubali tuende, kwa sharti moja. "Usioge kwa sabuni ya kunukia, usijipake chochote. Macho ya nyati si kitu, lakini pua yake imesoma kuliko wewe."

Nilitii siku tatu nzima, mpaka wateja dukani wakawa wanaulizia spea wakiwa wamesimama nje. Lakini asubuhi ya kuondoka, Ijumaa, siku moja kabla ya karamu, nikawaza kwamba nitapiga picha na nyati wangu nimtumie Upendo, na mtu hawezi kupendeza pichani akiwa anajisikia ananuka, basi nikajipulizia marashi mara moja tu (sawa, mara nane).

Tulishuka bondeni, tukanyata saa nzima, tukawaona nyati wanne wanakula majani kwa amani. Upepo ukageuka. Dume moja likainua kichwa, likanusa, nadhani likajua hata duka nililonunulia. Lilikuja kama Fuso ya Bakari iliyokatika breki, na mimi badala ya kulala chini nikakimbilia mbele ya mtutu wa bunduki, Fundi Sanga akashindwa kufyatua, nikapanda mti wa miiba ambao mpaka leo sijui nilipandaje na suruali nikaiachia wapi. Nilikaa juu mpaka mchana ukaisha nguvu. Niliposhuka Fundi Sanga alinivua kofia yake niliyoazima, akasema, "Kwangu usije tena mpaka unuke kama binadamu."

Njiani Upendo akapiga simu. "Shangazi ameshafika kutoka Igwachanya, mama amealika ukoo mzima. Na baba kasema ukija mikono mitupu, posa imekufa. Umempata?"

Nikamjibu, "Mkubwa!"

Alfajiri nikawa buchani Lyamkena nanunua paja zima la ng'ombe, maana nyati haletwi kwa vipande vya kilo kilo kwenye mfuko. Tukaliweka juu ya moshi uani kwa Bakari mpaka likawa jeusi, nikalipaka na tope kidogo, nikalifunga kwa majani. "Mimi ni mshenga, sio shahidi wa uongo," Bakari alikuwa akilalamika, huku akipepea moto kwa nguvu zote.

Kitandililo nilipokelewa kama mkuu wa wilaya. "Kamwene, mwindaji!" Vigelegele. Nikasimulia nilivyomkabili nyati (kwenye simulizi mti haukuwepo), wakati akina mama wanaosha nyama kwa maji ya moto. Masizi yakatoka. Shangazi akaacha kuosha.

"Baba Upendo, hebu njoo. Huyu nyati ameandikwa."

Ulikuwa muhuri wa bwana mifugo, wa zambarau, umetulia juu ya mafuta. Mzee akauangalia, akaniita kwa upole kabisa. "Macho yangu hayaoni vizuri, na wewe ndiye msomi. Tusomee."

Nikasoma mbele ya ukoo mzima, "IMEKAGULIWA."

"Siku hizi," nikajitetea, "mabwana mifugo wanafika mpaka porini."

"Wanamkimbiza nyati na muhuri mkononi?"

Hapo hata Upendo alicheka, tena akiwa ameshikilia mlango asianguke. Bakari, mshenga wangu mimi, alikuwa ameshakaa mkekani anasubiri ugali. Nikakabidhiwa jiko nipulize moto, nikapulizia nyama yangu mwenyewe saa mbili nzima, ikaliwa, ikasifiwa, mfupa nikapewa mimi. Mzee akanawa mikono ndipo akatoa jibu la posa:

"Nyama imekaguliwa. Wewe bado."

Nilikaguliwa msimu mzima wa viazi, kila Jumamosi, jembe mkononi, shangazi akiwa msimamizi, na muhuri nikagongewa mavuno yalipokwisha, kanisani, mgongo ukiwa hauwezi kunyooka kwa picha. Tangu hapo nimeapa: mkwe akiniuliza najua kufanya nini, namjibu ninachokijua tu, hata kama jibu lenyewe ni kukaa kimya.