Gesti Niliyomchagulia Mjomba

Mpaka leo nikiikumbuka ile gesti nakasirika upya.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na gesti zikazuka kila mtaa wa Dar es Salaam. Nilikuwa nimemaliza chuo, naishi Masasi bila kazi. Mjomba wangu, mchongaji wa kijiji kimoja cha Newala, alipata barua. Jumba maarufu la sanaa la huko Dar lilikuwa na kinyago chake cha mpingo, kilichonunuliwa kwa mchuuzi, ila watu watatu walidai wamekichonga. Kila mmoja afike mwenyewe Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, aonyeshe alama za mkono wake. Mwenye haki jina lake liandikwe chini ya kinyago.

Siku tatu nilipanga foleni posta ya Masasi kupiga simu, nimtafutie mjomba pa kulala. Gesti hii ina baa, hatalala. Ile iko mbali, mvua je? Mwishowe nikapata moja ndogo, ya vyumba sita, katikati kabisa ya jiji, hatua mia mbili tu kutoka mlango wa jumba.

Tulifika Jumapili mchana. Pale mapokezi mjomba hakuweka hata mfuko chini.

"Mpwa wangu, kwani mimi sina watu mji huu?"

"Unao, mjomba, lakini wanakaa mbali."

"Wakisikia nimelala kwa kulipa, watasema nimewakana. Lala wewe. Wasomi ndio mnaonunua vitanda."

Mhudumu akacheka. Mjomba akaenda zake kwa watu wa ukoo wake, nje ya jiji, asubuhi anipitie gesti.

Jumatatu saa moja nilikuwa mlangoni pa gesti. Ikafika saa mbili, ikapita. Ningeweza kwenda kuwaomba wasubiri, lakini akija asinikute je? Nikaganda palepale, hatua mia mbili tu kutoka jumbani. Alitokea saa nne, ametulia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wamenichinjia kuku. Ningeondokaje bila kula?"

Jumbani, kadi ya jina la mchongaji ilishafungiwa pamoja na kinyago ndani ya kioo. Msimamizi alisema wale wadai wengine wawili nao hawakutokea, na kadi haibadilishwi tena.

"Imeandikwaje?" mjomba akaniuliza.

"Mchongaji: Mmakonde."

"Si ndiye mimi?"

"Ndiye wewe. Ndiye mimi pia, na kila mtu wa Newala."

Nilisema kwa sauti ambayo mpwa hamsemeshi nayo mjomba wake. Msimamizi akatuomba tutoke nje.